Matundu ya Oili Nyuma ya Trekta: Mangapi, na ya Namna Gani?



Swali moja limetufikia kutoka pande mbili ambazo hazikuambiana. Upande wa Jinja wameuliza madereva wa mashamba ya miwa. Upande wa Mbale wameuliza wenzetu wa viwandani waliochanga akiba zao ili wanunue trekta dogo, la kulimia na kubebea mazao ya wanachama. Wote wasema hivi: muuza matrekta ametutaka tuongeze fedha ili trekta liwe na matundu ya oili nyuma, jozi mbili, na kama tuna uwezo jozi tatu. Je, fedha hiyo ni ya haki, au twaibiwa mchana?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba jozi ya kwanza ni ya lazima, ya pili yawafaa wengi, na ya tatu kwa trekta dogo ni pambo. Lakini idadi ya matundu si jambo kubwa. Jambo kubwa ni valvu iliyo nyuma ya matundu hayo, na pampu inayoyalisha, na mpira unaochomekwa pale. Hapo ndipo akiba ya watu hupotea, na hapo ndipo mkono wa mtu hupotea vilevile.

Kila dereva aijua ile mikono ya nyuma inayonyanyua plau. Mikono hiyo hunyanyuliwa na oili inayosukumwa na pampu. Matundu tunayoyasema ni njia ya kuitoa oili hiyo nje ya trekta, ipite katika mpira mpaka kwenye jeki iliyo mahali pengine: chini ya bodi la trela, juu ya magurudumu ya haro ya kukokotwa, au kwenye plau ya kugeuza. Matundu huwekwa mawili mawili, ndiyo maana twasema jozi. Moja likitoa oili, la pili huipokea ikirudi, na leva iliyo karibu na kiti cha dereva ndiyo huamua lipi litoe na lipi lipokee.

Nguvu yake si ya mchezo. Katika matrekta mengi madogo oili husukumwa kwa kilo 150 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba, na mengine huzidi hapo. Chukua jeki ambayo pistoni yake ina upana wa sentimita 8. Uso wa pistoni hiyo ni kama sentimita 50 za mraba. Zidisha kwa 150, wapata kilo 7,500. Tani saba na nusu zanyanyuliwa na leva ambayo mtoto aweza kuivuta kwa vidole viwili, na nguvu yote hiyo yapita ndani ya mpira wenye unene wa kidole gumba.

Hesabu kazi kwanza

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, kaeni chini mwandike kazi ambazo trekta litafanya kweli, si zile mnazozitamani. Plau ya diski inayobebwa na mikono haihitaji tundu hata moja. Haro ndogo ya kubebwa, vivyo hivyo. Slasha, mashine ya kupukuchua mahindi na pampu ya maji huzungushwa na ile shafti ya nyuma ambayo madereva huiita pi-ti-o, nazo hazina shughuli na matundu haya.

Kazi inayotaka tundu mara ya kwanza, kwa watu wetu, ni trela la kutipu. Huku kwetu trekta hubeba zaidi kuliko linavyolima. Msimu wa kulima ukiisha, kuna mahindi ya kuteremsha, kuna mpunga wa Doho na wa bonde la Namatala, kuna mchanga, matofali na samadi. Trela lisilotipu huhitaji vijana wanne wenye koleo. Trela la kutipu hutaka jozi moja tu, na kwa kweli tundu moja tu la jozi hiyo.

Kazi ya pili ni plau ya kugeuza, ile ambayo dereva akifika mwisho wa shamba huipindua ili arudi katika mfereji uleule. Katika miteremko ya chini ya Mlima Elgon plau hii ina faida, kwani mtu aweza kulima akikata mteremko huku akiutupa udongo upande wa juu kila safari, badala ya kuusukuma bondeni. Plau hiyo hutaka jozi nzima. Haro ya kukokotwa yenye magurudumu hutaka jozi moja pia. Lakini angalieni: kazi hizi hazifanywi siku moja. Mwenye kulima hakokoti trela. Kwa hiyo jozi moja yaweza kutumika kwa zamu, na jozi ya pili ni kwa chombo chenye jeki mbili, au kwa siku jozi ya kwanza itakapoharibika katikati ya mavuno. Sababu hii ya mwisho ndiyo hutufanya tuseme jozi mbili zafaa, kama fedha ipo.

Ile ndoo ya mbele ya kuzoa mchanga ni habari nyingine. Hiyo huja na valvu yake na leva yake, nayo haifai kulishwa kwa matundu ya nyuma kwa mipira mirefu iliyoburutwa chini ya tumbo la trekta, kama tulivyoona mahali fulani. Mti mmoja tu uliokatwa shambani waweza kuikata mipira hiyo.

Valvu ya namna gani?

Jeki ni za aina mbili. Ya kwanza husukumwa upande mmoja tu: oili huipandisha, na uzito wa mzigo ndio huishusha. Ndiyo jeki ya trela. Ya pili husukumwa kwenda na kusukumwa kurudi, kama ya plau ya kugeuza. Valvu pia ni hivyo hivyo. Valvu ya upande mmoja ni ya bei nafuu, lakini haiwezi kamwe kuigeuza plau. Valvu ya pande mbili huweza kazi zote, lakini ina jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji.

Ukichomeka mpira mmoja wa trela katika valvu ya pande mbili, kupandisha hakuna shida. Unaposhusha, leva hufungua njia ya oili kurudi, na wakati huohuo huipeleka oili ya pampu katika lile tundu la pili ambalo halina mpira. Tundu hilo limezibwa. Oili haina pa kwenda, pampu hulia kama nguruwe, na oili hupata moto bure mpaka bodi lishuke. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku kwa mwaka mzima, utajua kwa nini pampu imekufa. Dawa yake ni valvu yenye nafasi ya nne ya leva, ile ya kuelea: hapo matundu yote mawili hufunguliwa kwenda kwenye tangi, bodi hushuka kwa uzito wake, na pampu hupumzika. Valvu nyingine zina skrubu ya kuigeuza iwe ya upande mmoja. Moja kati ya hizo mbili lazima iwepo. Muulize muuzaji akuonyeshe kwa mkono wake, si kwa kitabu chenye picha.

Jambo jingine ni leva kujishika. Kuna leva ambayo ukiiachia hurudi katikati yenyewe kwa springi, na kuna ambayo hubaki pale ulipoiweka. Ya kubaki ni kwa mota za oili zinazozunguka muda mrefu. Kwa trela sisi twataka ile inayorudi. Dereva akiteleza, akiitwa na mtu, akishtuliwa na nyuki, bodi lisimame pale pale lilipofika.

Na mota za oili zenyewe, msidanganywe nazo. Hesabu ni rahisi: zidisha kilo za msukumo kwa lita za pampu kwa dakika, ugawe kwa 600, upate takriban kilowati. Pampu ya lita 20 kwa kilo 150 hutoa kilowati 5, yaani chini ya nguvu za farasi 7, kabla ya hasara ya njiani. Trekta lenye nguvu za farasi 35 haliwezi kukupa mashine kubwa kwa njia hiyo. Mpeni kazi hiyo pi-ti-o.

Pampu na oili

Matrekta madogo mengi yana pampu ya lita 20 mpaka 30 kwa dakika. Katika karatasi za muuzaji waweza kukuta tarakimu kubwa zaidi, na ukichunguza utaona wamejumlisha pampu ya usukani ndani yake. Uliza lita za mikono na matundu peke yake.

Ile jeki yetu ya sentimita 8, ikipanda mita moja, hunywa lita 5. Pampu ya lita 20 itaipandisha kwa sekunde 15, na hiyo yatosha kwa kazi yoyote ya shamba. Swali lililo zito zaidi ni lita 5 hizo zimetoka wapi. Zimetoka katika gia boksi, kwani katika matrekta mengi madogo oili ya gia, ya breki zilizozama na ya haidroliki ni moja. Trela la jeki kubwa laweza kuishusha oili hiyo mpaka pampu inyonye hewa, hasa trekta likiwa limeinama kwenye mteremko. Pimeni oili bodi likiwa chini. Anayeongeza oili bodi likiwa juu ataikuta imemwagika pale trela litakaposhuka.

Na kwa kuwa oili ni moja, uchafu nao ni mmoja. Trela la kukopa huleta mchanga na maji ya kwao, na mchanga huo huishia katika breki na gia zenu. Kila tundu liwe na kifuniko chake, kila ncha ya mpira ifungwe mfuko safi kama kifuniko kimepotea, na kabla ya kuchomeka ifutwe kwa kitambaa. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Oili ya injini iliyotumika, ambayo watu huipata bure gereji, isitiwe humo hata kwa siku moja. Tumeona wakiokoa bei ya debe moja na kupoteza gia boksi.

Wenye Massey Ferguson za zamani, 35 iliyoanza miaka ya 1950 na 135 iliyofuata mwaka 1964, wana habari yao. Pampu yake imo ndani, imezama katika oili, na huongozwa kwa valvu iliyo upande wa kunyonya. Oili ya trela ikitolewa juu ya kifuniko cha lifti bila valvu ya kugawa, mikono ya plau na jeki ya trela hula chungu kimoja, na oili hufuata palipo pepesi. Mikono mitupu hupanda kwanza. Ikifika juu, valvu humfungia pampu, na trela halipati kitu. Ndiyo sababu wazee wa karakana huifunga mikono ile chini kwa pini au mnyororo kabla ya kutipu. Hawakosei, lakini afadhali kuweka valvu ya kugawa, kwani mnyororo ukikatika mikono huruka.

Wengine watasema: tununue trekta lisilo na matundu, tutaongeza baadaye kwa fundi wetu. Yawezekana, ila kwa sharti moja. Katika matrekta mengi madogo oili huzunguka wakati wote: kutoka pampu, kupitia valvu, kwenda kwenye lifti ya mikono. Valvu ya kuongeza lazima iwe na njia tatu: ya kuingia, ya kurudi kwenye tangi, na ya tatu ya kuipeleka oili mbele yenye nguvu yake kamili. Valvu ya bei rahisi haina ile ya tatu. Fundi asiyejua huchukua njia ya kurudi akaiunga kwenye lifti. Kazi yaonekana nzuri siku ile, na siku mtu anyanyuapo plau nzito, upande wa valvu usiotengenezwa kwa msukumo hupasuka. Vipande vya chuma haviulizi nani kasimama pale.

Mpira na viungio

Hapa ndipo tungependa fedha ya jozi ya tatu iende. Kwenye mpira huandikwa alama. Mpira wa nusu inchi wenye alama ya 1SN una tabaka moja la nyaya na hufanya kazi mpaka bar 160, karibu sawa na kilo 160 kwa sentimita ya mraba. Wenye 2SN una tabaka mbili nao hufika bar 275. Bei haiachani sana. Nunueni wenye tabaka mbili. Mpira usio na maandishi msiununue, na mpira uliofungwa kwa klipu ya kukaza kwa bisibisi, kama wa maji ya rejeta, ni mauti yaliyofungwa kwa klipu.

Viungio vya kuchomeka viwe vya nusu inchi vya namna moja kwa vyombo vyote, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha kimataifa cha matrekta, ISO 5675. Wenye trekta la Japani na trela la India watakuta skrubu za vipimo vinavyofanana kwa macho lakini havifanani. Huingia nyuzi mbili, zikashika, halafu zikaruka. Mwende na kipande cha zamani mkononi, mkilinganishe dukani. Na mfunge utepe wa rangi katika kila mpira na tundu lake. Mipira ikibadilishana, leva ya kushusha hupandisha, na taniboi aliyezoea kusimama mahali fulani atakuta mahali pale si salama tena.

Jua la mchana lina ujanja wake. Mpira ulioachwa juani wenye oili ndani huvimba kwa joto, na saa ya kuchomeka hukataa kabisa. Watu huchukua nyundo. Msifanye hivyo. Usogezeni kivulini, upoe. Na kabla ya kuchomoa, bodi liwe chini, injini izimwe, leva ivutwe huku na huku mpaka ilegee.

Tundu la sindano

Mmoja wetu alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba moja, ambalo hatulitaji. Siku moja mpira ulikuwa ukitoa mvuke mwembamba wa oili, na mwenzake alipitisha kidole gumba juu yake kutafuta mahali panapovuja, kama mtu apapasavyo tairi la baiskeli. Aliona kitone kama cha kuchomwa na sindano. Hakikuuma. Aliendelea na kazi, akala chakula cha mchana, akacheka nasi. Usiku mkono ulijaa. Alifika hospitali siku ya pili, na vidole viwili havikurudi naye.

Oili inayotoka katika tundu dogo kwa msukumo ule hupenya ngozi, hata glavu, ikaingia katikati ya nyama na mishipa ya kidole, na kule ndani huiua nyama. Jeraha hili si la kufunga kitambaa. Ni la kupasuliwa na kusafishwa na daktari katika saa chache, na kila saa ina bei yake. Mpelekeni mtu hospitali ya rufaa ya Mbale au ya Jinja, iliyo karibu, wakati uleule, hata kama yeye mwenyewe asema hana neno. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa msukumo, na mchukue jina la oili hiyo. Mkisema amechomwa na waya, atapewa dawa ya jeraha dogo na kurudishwa nyumbani.

Kutafuta panapovuja ni kazi ya kipande cha boksi au ubao mrefu. Oili italowesha boksi, wewe utaona, utazima injini.

Na bodi lililo juu lisiaminiwe kamwe. Valvu zote hizi huvuja kidogo ndani yake, hata mpya, na bodi hushuka polepole bila sauti. Mtu asiingie chini yake mpaka gongo la chuma liwekwe, na gongo hilo lije pamoja na trela siku ya kununua. Mkitipu, tipuni mahali tambarare. Katika miteremko yetu trela lililopanda bodi huwa refu na jembamba, na mahindi mabichi yakigoma upande mmoja, trela zima hulala. Tazameni juu pia, nyaya za umeme zisiwepo.

Kwa wale wanaoendesha matrekta ya mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humtaka mwajiri aweke mitambo iliyo salama, na vifaa vya kujikinga vitolewe bila mfanyakazi kuvilipia. Mpira uliochubuka mpaka nyaya kuonekana si mtambo salama. Mwandikie msimamizi, uweke nakala, na nakala nyingine umpe mjumbe wa chama. Twaomba pia kamati za matawi zidai kwamba dereva na fundi waulizwe kabla trekta halijaagizwa. Ofisi hununua kwa rangi, na sisi ndio tunaolala chini yake na spana.

Kwa wenzetu wa akiba kule Mbale, siku ya kupokea trekta msikubali kulizungusha uwanjani tu. Nendeni na trela lenu likiwa na mzigo wake wa kweli. Chomekeni, pandisheni, mhesabu sekunde. Liacheni juu robo saa, watu wakiwa mbali, mpime kwa fimbo limeshuka kiasi gani. Shusheni kwa leva ya kuelea, msikilize kama pampu inalia. Halafu zimeni injini, mpitishe boksi chini ya kila kiungio. Likivuja hata tone, mweka hazina asitie sahihi siku hiyo.